Rimu Nne za Premio

Fundi alizamisha tairi la tatu kwenye pipa la maji, akalizungusha polepole, na sote wawili tukainama kutazama. Mpira wenyewe ulikuwa kimya. Mapovu yalitoka kwenye rimu, upande wa ndani, chini kidogo ya ukingo: madogo, yamefuatana kama shanga. Akalitoa, akapangusa pale kwa kidole gumba, akamwagia maji ya sabuni, akasubiri. Mapovu yakarudi palepale.

"Mwalimu, hii ina ufa."

Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimepokea kishika uchumba cha shilingi 50,000 kwa ajili ya rimu zote nne. Kijana aliyenipa alizitazama moja moja, akazigonga kwa ukucha, akaridhika. Nami nilimwambia, tena kwa kuamini kabisa, kwamba ni nzima.

Nirudi nyuma kidogo. Nafundisha fizikia wilayani Muheza, na gari langu ni Toyota Premio, lile umbo lililoanza kutoka mwaka 2007. Lilipofika kutoka Japani lilikuwa na rimu zake za kiwandani za aluminiamu, inchi 15, tundu tano za nati. (Huku kwetu wengi huziita ringi; nitasema rimu kwa sababu ndivyo fundi wangu anavyosema.) Nilipohamishiwa shule iliyo kwenye njia ya kupanda Amani, nilizionea huruma. Barabara ile ni vumbi na mawe kiangazi, na masika ni tope jekundu lililoficha mawe yaleyale. Rimu ya aluminiamu ikigonga jiwe kwa kishindo hupasuka. Ya chuma hupinda, na fundi mwenye nyundo na subira huinyoosha, ukaendelea na safari. Basi nikanunua rimu nne za chuma, gari likavaa hizo, na zile za kiwandani zikaenda kulala stoo nyuma ya magunia ya mkaa, zimevalishwa matairi yake ya zamani.

Zililala mwaka na miezi. Nilizikumbuka nilipokuwa natafuta pesa ya kumalizia bati la jiko.

Kuuza ni neno dogo. Ugumu ulianza kwenye kutaja bei. Nilimuuliza fundi, akasema laki tano, usishuke. Nikamuuliza jirani, akasema laki mbili ukibahatika, hizo ni mtumba wa mtumba. Dalali mmoja wa pale stendi hakutaja bei. Aliniambia nimtajie ninayoitaka mimi, yeye ataweka cha juu chake, na nisimuulize ameweka kiasi gani. Watu watatu, majibu matatu, na hakuna aliyeniambia jibu lake limetoka wapi. Mwanafunzi akinipa jibu bila njia simpi alama. Nikaona nitafute njia mwenyewe.

Nilianza na sakafu, yaani kiasi ambacho kitu hakiwezi kushuka chini yake. Nilivua tairi moja, nikaipeleka rimu tupu dukani kwenye mizani: kilo saba kasoro kidogo. Mnunuzi wa skrepa alikuwa anachukua aluminiamu kwa 3,000 kwa kilo, kwa hiyo zote nne, hata kama zingekuwa zimekunjika kama chapati, zilikuwa na thamani ya kama 80,000. Kisha nikatafuta dari. Duka moja la Tanga lilinitajia 750,000 kwa seti ya rimu mpya za inchi 15, zisizo za kiwanda cha gari. Kati ya sakafu na dari kuna chumba kikubwa, na humo ndimo watu wanamolaliana.

Kilichonisaidia ni kupiga simu Dar es Salaam. Binamu yangu ana gereji Ilala, akaniulizia kwa wauzaji wa spea za mtumba pale Shaurimoyo. Rimu moja ya kiwandani ya Premio ilikuwa inauzwa kati ya 80,000 na 120,000, kutegemea hali yake. Hiyo ndiyo ilikuwa taarifa ya maana kuliko zote, kwa sababu ni bei ambayo mnunuzi wangu angeikuta kama angeamua kuniacha akapanda basi. Na kuna jambo jingine linalozishikilia rimu hizi zisishuke sana: Toyota iliacha kutengeneza Premio na pacha wake Allion mwaka 2021. Kwa hiyo zinazozunguka sasa kwenye masoko yetu zinatoka kwenye magari yaliyokufa, au kwenye stoo za watu kama mimi.

Nikapiga hesabu ya laki moja kwa kila rimu, jumla laki nne, nikatangaza laki nne na nusu. Wapo watakaosema hiyo elfu hamsini ya juu ni hila. Sioni hivyo. Kupatana ni adabu ya soko letu. Mtu usipomwachia cha kupunguza ni kama umemnyima neno lake. Hila ingekuwa kutangaza laki saba.

Matairi sikuyahesabu. Yalikuwa na kashata nzuri, yaani meno yake hayajalika, na mtu asiyejua angeyapenda. Lakini ubavuni mwa kila tairi kuna namba nne za mwisho baada ya herufi DOT, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, na yangu yalisema 1416: wiki ya 14 ya mwaka 2016. Mpira huo umeshakauka. Ukiukunja kwa mkono unaona nyufa nyembamba kama za udongo wa kiangazi. Niliamua nitakayemuuzia nitamwambia ayachukue akatengenezee bembea ya watoto au ayaache, na kwa vyovyote hayamo kwenye bei.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeukariri msemo huo tangu darasa la tatu, na sasa nina shaka nao. Rimu zangu hazikujiuza. Ilibidi nizioshe kwa brashi na sabuni, mbele na nyuma, nizipange uani kwenye mkeka, kisha nichukue chaki ya shuleni na kuzungushia duara kila mkwaruzo. Mikwaruzo ilikuwa tisa, mingi ya kugusa kingo za barabara wakati wa kuegesha. Kofia moja ya katikati, yenye nembo, haikuwepo. Nikapiga picha zikiwa na maduara yake. Mke wangu aliuliza kwa nini natangaza aibu za mali yangu mwenyewe, nikamjibu kwamba atakayekuja ataziona tu, na afadhali azione akiwa bado hajatoa nauli.

Wa kwanza kupiga simu walikuwa wenye Toyota IST. IST zao zilikuwa za tundu nne, na tundu nne hazivai rimu ya tundu tano, hilo halina mjadala. Lakini hata tano kwa tano si lazima zikubaliane, na hapa niseme kwa urefu kidogo maana nimeona watu wengi wakipoteza pesa.

Tundu tano zimepangwa kwenye duara, na kipenyo cha duara hilo ndicho kinachoamua. Premio, Allion, Wish ya 1.8 na Caldina zina duara la milimita 100. RAV4, Harrier na Mark X zina milimita 114.3. Kwa macho huwezi kutofautisha. Tena tundu zikiwa tano hakuna mbili zinazotazamana moja kwa moja, kwa hiyo ukiweka rula kukatisha katikati hupati jibu. Fanya hivi: pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jirani yake. Ukipata kama milimita 58.8, duara lako ni la 100. Ukipata kama 67.2, ni la 114.3. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanaweza kukuonyesha zinatoka wapi, ni kipenyo mara sini ya digrii 36.

Na bado hujamaliza. Alikuja bwana mmoja mwenye Subaru Forester ya zamani kutoka Pangani, amesafiri vumbi lote lile. Forester zile nazo ni tundu tano, duara la 100. Dalali alimhakikishia zinaingia. Nilikuwa nimeazima vernia ya maabara, nikapima tundu kubwa la katikati ya rimu yangu: milimita 54.1. Habu ya Subaru, ile sehemu inayojitokeza na kukaa ndani ya tundu hilo, ni milimita 56.1. Rimu ya Subaru unaweza kuivalisha Toyota, ukaweka pete ya kujaza nafasi iliyobaki. Rimu ya Toyota kwa Subaru haiingii, milimita mbili zinakataa. Yule bwana alitaka kwenda kwa fundi akazichimbe. Nilimsihi asifanye hivyo. Alikuwa na pesa mkononi, laki nne na nusu kamili, hakuomba hata kupunguziwa, na nakiri nilizitazama zile noti. Aliondoka na chai tumboni na namba ya binamu yangu wa Ilala.

Nilipomweleza dalali kwa nini sikuuza, alinishangaa kwa dhati. Kwake yeye kazi ya muuzaji inaishia pale pesa inapobadilisha mkono. Si mtu mbaya, ndivyo alivyofundishwa na soko. Lakini kwa fikra hizo, bei yoyote inakuwa sawa ilimradi mwenzako hajajua, na hapo ndipo ninapoachana naye.

Halafu akaja yule kijana. Ana Toyota Wish, anabeba abiria kati ya Tanga na Korogwe. Rimu zake za chuma zilikuwa zimepinda mbili, usukani unatetemeka akifika spidi ya 80, na mashine ya kubalansi ilikuwa imejaza vipande vya risasi pembeni hadi fundi amechoka. Aliniamkia, "Shikamoo mwalimu," akachuchumaa mbele ya mkeka, akafuata kila duara la chaki kwa kidole. Nikampa vernia apime mwenyewe. Nikamwonyesha nyuma ya rimu pale palipochorwa 15x6J, yaani kipenyo inchi 15 na upana inchi 6, na alama ya JWL ambayo ni ya kiwango cha Kijapani cha rimu za aluminiamu. Tukapatana laki nne bila kelele. Akatoa elfu hamsini, iliyobaki angeleta Jumamosi baada ya hesabu ya bosi.

Ndipo Alhamisi nikapeleka rimu kwa fundi kuvua matairi. Ningeweza kutozipima. Nilisema tu, kwa kuwa pipa lilikuwa pale na matairi bado yalikuwa na upepo, hebu tuzamishe.

Fundi alikuwa na jawabu tayari. Yupo mtu Tanga anayechomea aluminiamu kwa gesi. 25,000, kisha msasa, kisha rangi ya silva ya kopo, na hata yeye fundi mwenyewe hataijua ni ipi kati ya nne. Alisema vile kwa nia njema kabisa, kama daktari anayempa mgonjwa matumaini.

Shida ni kwamba najua rimu hizi zinavyotengenezwa. Si aluminiamu tupu. Huchanganywa na silikoni kama asilimia 7 na magnesi kidogo, ikimiminwa kwenye kalibu, kisha huingizwa kwenye tanuri la kama digrii 540, ikazamishwa ghafla majini, halafu ikapashwa tena kwa moto mdogo kwa saa kadhaa. Nguvu yake yote imo kwenye mapishi hayo. Ukija na mwali wa gesi ukauelekeza mahali pamoja, unayafuta mapishi pale na pembezoni mwake. Ufa unazibika, upepo hautoki, rangi inang'aa, na chuma kilicho chini yake kimelegea. Kinaweza kukaa miaka. Kinaweza pia kuachia siku gari lina watu watano na linateremka Mlima wa wapi sijui, na rimu ikiachia haikupi nafasi ya kuomba msamaha.

Nilimlipa fundi ujira wake wa kuvua matairi, nikapakia rimu, nikarudi nyumbani. Njia nzima nilikuwa namfikiria marehemu baba yangu.

Mzee alikuwa na duka la nafaka Ngamiani, Tanga mjini, barabara ya 12. Gunia likiingia wadudu aliliweka mbele mlangoni, mdomo wazi, na kibao cha bei yake ndogo, wakati wenye maduka jirani walilichanganya kidogo kidogo kwenye magunia mazima. Alikuwa akiturudia kisa tulichosomeshwa chuoni, cha Mtume aliyepita sokoni akaingiza mkono kwenye lundo la chakula, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa, mbona hukuuweka juu watu wakauona? Mzee hakuwa mtu wa mawaidha marefu. Akifika hapo kwenye swali alinyamaza, akaendelea kupima mchele. Nilipokuwa mdogo nilidhani kisa kile kinahusu dhambi. Sasa nakiona kinahusu bei pia: muuzaji na mnunuzi hawawezi kukubaliana thamani ya lundo ambalo mmoja wao amelijua juu na chini, na mwingine amelijua juu tu. Hapo wanakuwa wanataja bei za malundo mawili tofauti.

Nikampigia kijana jioni ileile. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi mwalimu, nipe hizo tatu kwa laki tatu, ya nne nitajitafutia."

Hesabu yake ilionekana sawa, laki kwa kila moja. Lakini haikuwa sawa, na nilimwambia. Rimu tatu si robo tatu ya rimu nne. Gari halitembei kwa matatu, na mtu mwenye rimu tatu za umbo moja amebeba tatizo: lazima aitafute ya nne inayofanana, asafiri, apoteze siku ya kazi, na muuzaji akishajua kwamba anatafuta moja tu ya kukamilisha, anampandishia. Nikamwambia tatu kwangu zina thamani ya laki mbili na arobaini, si zaidi. Alicheka kwa mshangao, akasema hajawahi kupatana na mtu anayeshuka peke yake. Mwishowe tukaamua hivi: atasubiri wiki mbili. Nilikuwa na safari ya arusi Dar. Nikiipata ya nne, bei yetu ya kwanza inabaki. Nikiikosa, tatu kwa 240,000, au nimrudishie elfu hamsini yake.

Shaurimoyo ni mahali pa kwenda na binamu. Kuna maduka yenye rimu zimening'inizwa mpaka darini, mengine yana nusu gari zilizokatwa Japani na kuletwa na kontena, na kati ya maduka kuna vijana wanaotembea na kitu kimoja mkononi. Mmoja wa vijana hao alikuwa na rimu ileile niliyoitaka. Moja, safi, kofia ipo. Akasema elfu hamsini. Nikamuuliza nyingine tatu ziko wapi. Akasema ndiyo iliyobaki. Nikamuuliza kama atanipa risiti au hata jina lake kwenye karatasi, akaniambia mzee unanunua rimu au unaandikisha ndoa. Nikamshukuru, nikapita. Siwezi kusema ile rimu iliibwa. Nasema tu kwamba sote tumewahi kuamka au kusikia mtu ameamka akakuta gari lake limekaa juu ya mawe, na kwamba zile rimu lazima ziende mahali fulani, na zinakwenda kwa watu wanaopenda elfu hamsini kuliko elfu themanini na tano.

Elfu themanini na tano ndiyo niliyolipa duka la tatu, kwa mzee mmoja aliyevaa kanzu na miwani imefungwa kwa uzi. Ilitoka kwenye nusu gari iliyokuwa bado imelala uani kwake, nikaiona kwa macho. Alinitajia tisini. Niliizungusha juu ya meza nikiitazama ukingo wake usawa wa jicho kama haijapinda, nikaipitisha kidole upande wa ndani wote, nikaomba ndoo ya maji ya sabuni. Alinitazama kwa muda, akaleta ndoo mwenyewe. Haikuwa na kofia. Akaniandikia risiti.

Niliporudi, nilifanya kitu ambacho fundi alikiona ni upotevu. Ile yenye ufa niliipasua kwa grainda vipande viwili kabla ya kuipeleka kwa mnunuzi wa skrepa. Nzima angeipokea kwa bei hiyohiyo ya kilo, nikapata elfu ishirini na chenji. Lakini nimeona mara nyingi vitu vikipelekwa skrepa asubuhi, na jioni viko barazani vimepakwa rangi. Nikitaka isivaliwe na gari la mtu, njia ya uhakika ilikuwa isibaki na umbo la rimu.

Kijana alikuja Jumamosi na Wish yake. Matairi yake ya 195/65R15 yalikuwa saizi ileile ya Premio, kwa hiyo yalihama tu kutoka kwenye chuma kwenda kwenye aluminiamu. Hapo nikamtolea kopo la maziwa ya unga lenye nati ishirini. Hili ni jambo ambalo hata mafundi wengine hawalitilii maanani. Rimu za chuma hukazwa kwa nati zenye mdomo wa pembe, kama pia ya kuchezea. Rimu zangu za kiwandani zimechongwa kwa nati zenye shingo na washa bapa. Ukikaza nati ya pia kwenye tundu bapa, inagusa ukingo mwembamba tu; unaona imebana, ukitembea inajilegeza, na kila siku inakula tundu. Ningempa rimu bila nati hizo ningekuwa nimempa nusu ya mali kwa bei ya nzima. Nati mpya ishirini za namna ile si pesa kidogo kwa dereva wa hesabu.

Tulizikaza kwa msalaba, moja kisha ya mbali nayo, siyo kwa kuzunguka. Kiwango cha Toyota kwa gari kama hili ni newtoni-mita 103. Spana ya kupimia hatukuwa nayo, kwa hiyo nilimweleza hivi: chukua spana yenye mpini wa nusu mita, kisha ukandamize kwa uzito wa ndoo ya maji ya lita ishirini iliyoning'inizwa mwishoni. Inakaribia sana. Kinyume na wanavyofanya wengi, usiisimamie kwa mguu ukarukaruka, maana stadi, zile boliti zinazoshika nati, huvutika na kukatika. Nikamwambia akishatembea kilomita kama mia arudie kuzikaza, zinahitaji kujikalia.

Akanihesabia 350,000 iliyobaki, kisha akaongeza noti ya elfu kumi, akasema ni ya nauli ya Dar. Nilikuwa karibu kuikataa. Nikaipokea, kwa sababu nauli ile niliitoa kweli, naye alijua, na kuikataa kungekuwa kumnyima nafasi ya kuwa mwadilifu upande wake.

Tuliandikiana kwenye karatasi ya daftari, nakala mbili: majina yetu, namba za vitambulisho, namba ya gari lililotoka na lililoingia, rimu tatu zangu na moja ya Shaurimoyo pamoja na namba ya risiti yake, mikwaruzo sita iliyobaki na mahali ilipo. Polisi akimsimamisha akamuuliza, ana cha kuonyesha. Jirani alitia saini ya ushahidi.

Kuhusu kofia, ile rimu niliyoikata ndiyo haikuwa nayo tangu mwanzo, na mpya ilikuja bila yake, kwa hiyo bado zilikuwa tatu. Nilimwahidi nitaitafuta. Tangu hapo nimeshapita Shaurimoyo mara mbili. Moja niliyoikuta ilikuwa pana kwa milimita tatu, nyingine ilikuwa na klipu mbili zilizovunjika na muuzaji akataka nizigundishe kwa gundi. Kijana ameniambia mara kadhaa kwamba niache, Wish inakwenda vizuri bila kofia, usukani umetulia hata ikiwa na abiria. Lakini mstari wa mwisho wa karatasi yetu, juu ya saini yangu, unasema: kofia moja inadaiwa.